Somo la Bustani: Tuta Lililoinuliwa Nyumbani na Hesabu ya Maji Yake

Upepo wa kaskazi ukishika kasi, kati ya Desemba na Machi, mboga hupungua sokoni na fungu la sukuma wiki huzidi kuwa jembamba kwa bei ile ile. Wakati huo huo visima hushuka, mifereji hukauka siku nyingi, na mtungi wa lita 20 unakuwa kitu cha kupangiwa. Ndipo wakazi wengi wa kaunti yetu ya Kilifi hutuuliza swali moja: je, inafaa kumwagilia mboga wakati maji ya kupikia yenyewe ni ya kununua?

Jibu letu ni kwamba inafaa, mradi tuta lijengwe sawasawa na maji yapimwe. Tuta lililojengwa vibaya hunywa maji bila kurudisha chochote, na familia huliacha kabla ya mwezi wa pili. Wengi walioacha hawakuwa wavivu. Walianza na matuta manne siku moja, wakatumia mchanga mtupu na samadi mbichi, kisha wakamwagilia kwa ndoo kila jioni bila kujua maji yanaishia wapi.

Somo hili ni la tuta moja tu: upana mita 1, urefu mita 3, kimo sentimita 30. Ukilimudu hilo kwa msimu mmoja, la pili litakuja lenyewe.

Kwanza, je, unahitaji kuinua?

Si kila boma linahitaji tuta la kuinuliwa, na hapa ndipo watu hupotea mapema. Tuta lililoinuliwa hukauka upesi kuliko ardhi ya kawaida, kwa sababu jua na upepo hulipiga juu na ubavuni. Lina faida pale ambapo chini kuna mwamba wa matumbawe na jembe haliingii, kama ilivyo katika sehemu nyingi za ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa hadi Malindi. Lina faida pia pale maji yanaposimama wakati wa masika na mizizi huoza, pale udongo una chumvi, au pale uwanja ni mdogo na umeshindiliwa na miguu kwa miaka.

Lakini kama unaishi Ganze au sehemu kavu za Magarini, una udongo mzuri na mvua ni haba, usiinue. Fanya kinyume: chimba tuta la kuzama, sentimita 20 hadi 30 kwenda chini, urudishe udongo uliochanganywa na samadi na uache shimo likiwa chini ya usawa wa ardhi kwa kiganja kimoja. Maji ya mvua yatakimbilia humo na upepo hautayafikia kwa urahisi. Mengine yote katika somo hili, yaani mchanganyiko, matandazo na kipimo cha maji, yanafaa matuta yote mawili.

Walio kwenye miteremko ya Rabai na Kaloleni walaze tuta likikata mteremko, wala lisishuke nao. Likishuka, mvua moja kubwa italichukua pamoja na mbegu.

Kuta za tuta

Upana usizidi mita 1, au mita 1.2 kwa mtu mwenye mikono mirefu. Sababu ni kwamba hutakiwi kukanyaga ndani kamwe. Ukisimama upande huu, mkono ufike katikati. Ukizunguka upande wa pili, ufike katikati tena. Tuta likiegemea ukuta wa nyumba, upana wake uwe sentimita 60 kwa sababu unalifikia upande mmoja tu. Lakini usilijaze udongo juu ya ukuta wenyewe, maana unyevu utapanda na kubambua lipu.

Kwa kuta tumia ulicho nacho. Mawe ya matumbawe yaliyochongwa, hata vipande vilivyovunjika, ndiyo bora kwa kudumu, na hayahitaji saruji. Yapange kwa kuyaegemeza ndani kidogo. Yana chokaa, kwa hiyo usiongeze chokaa wala jivu jingi katika udongo wa tuta hilo. Magogo ya mnazi ni mazuri kwa misimu michache, kisha huoza, na mchwa huyapenda. Fito na matete yaliyosukwa kama ukuta wa nyumba ya udongo ni rahisi, ila utayakarabati kila mwaka. Magunia yaliyojazwa udongo na kupangwa kuzunguka pia hufaa, ingawa jua huyachana.

Kuna vitu ambavyo hatuvikubali hata kama ni vya bure. Usipake mbao oili chafu ya gari ili kufukuza mchwa. Oili hiyo huingia kwenye udongo wa mboga utakazokula. Usitumie vipande vya mapaa ya zamani ya asbesto. Usitumie mitungi iliyokuwa na dawa za wadudu au kemikali, hata ukiiosha mara kumi. Wala usichote udongo mahali palipowahi kupasuliwa betri za gari au kuchomwa takataka za plastiki, kwa sababu risasi ikiingia kwenye udongo haitoki, na watoto ndio huumia zaidi.

Kujaza

Tuta letu la mita 1 kwa 3 kwa sentimita 30 linachukua lita 900 za udongo. Toroli ya kawaida hubeba kama lita 60, kwa hiyo unahitaji toroli 15, au ndoo 45 za lita 20. Ni kazi ya asubuhi mbili kwa watu wawili. Tunasema hivi mapema ili usianze na ndoo kumi ukakata tamaa.

Mchanganyiko wetu ni sehemu 3 za udongo wa juu, sehemu 2 za samadi iliyoiva, na sehemu 1 ya makumbi yaliyochambuliwa au mboji. Kwa toroli 15 ni 7 na nusu, 5, na 2 na nusu. Kama udongo wako ni mfinyanzi mzito unaopasuka ukikauka, punguza udongo toroli moja na uongeze mchanga toroli moja. Lakini usitumie mchanga wa ufuoni, una chumvi. Kama udongo wako tayari ni mchanga, usiongeze mchanga wowote, ongeza samadi.

Samadi ya mbuzi ndiyo iliyo karibu na wengi wetu, na ni nzuri, ila iwe imekaa kwenye lundo lenye kivuli kwa miezi miwili au mitatu, ikilowanishwa na kugeuzwa. Ya kuku ni kali zaidi, hivyo ichanganye na majani makavu na uipe muda huo huo. Namna ya kujua imeiva: tia mkono ndani ya lundo. Ikiwa bado ina joto au inanuka mkojo, haijaiva. Ikiwa imepoa, inamomonyoka na inanukia udongo wa mvua, ipeleke bustanini. Samadi mbichi huunguza miche, na mkulima hudhani ni kiu, akaongeza maji, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Makumbi ya nazi tunayatupa au kuyachoma, kumbe hushika maji vizuri sana. Yaloweke siku mbili tatu, umwage maji hayo ya kahawia, uyaoshe mara moja, kisha uyachambue. Uoshaji huo huondoa chumvi iliyomo. Yale magumu yasiyochambulika yalaze chini kabisa ya tuta kabla ya udongo, yakitazama juu kama vikombe. Mahali penye mchanga mwingi, yakisaidiwa na katoni zilizoloweshwa, yatachelewesha maji yasipotee chini. Usitandike karatasi ya plastiki isiyo na matundu. Maji yatasimama juu yake, mizizi itazama na kuoza.

Ukimaliza kujaza, mwagilia mpaka chini na uache wiki moja kabla ya kupanda. Udongo utashuka, pengine kwa vidole vitatu au vinne. Ongezea juu. Magugu yatakayoota wiki hiyo yang'oe yakiwa madogo.

Hesabu ya maji

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Maji ya milimita 1 juu ya mita moja mraba ni lita 1. Katika siku za joto za kaskazi hapa pwani, mboga iliyokomaa na jua na upepo vinavyoizunguka huondoa kama milimita 5 kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita mraba. Tuta letu ni mita mraba 3. Lita 5 mara 3 ni lita 15 kwa siku. Hiyo ni robo tatu ya mtungi wa lita 20. Siku za mawingu na baridi ya kusi, nusu ya hapo hutosha, na siku ya mvua nzuri huhitaji kumwaga chochote.

Chukua kalamu. Lita 15 kwa siku 30 ni lita 450, sawa na mitungi 22 na nusu. Tuseme kwenu mtungi ni shilingi 10: hiyo ni shilingi 225 kwa mwezi. Tuseme ni shilingi 20: ni shilingi 450. Linganisha na unachotumia kwa mboga za majani kwa mwezi. Kwa bei ya chini, tuta linalipa. Kwa bei ya juu unakaribia mpakani, na ukinunua maji yote utakuwa umehamisha pesa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Ndiyo maana hatukushauri kumwagilia kwa maji ya kununua peke yake. Punguza mahitaji kwanza, kisha tafuta maji mengine.

Kupunguza kunaanza na matandazo. Funika udongo wote kati ya miche kwa nyasi kavu, majani, maganda ya kunde au makumbi yaliyochambuliwa, unene wa vidole vitatu, na uache nafasi ndogo kuzunguka shina. Udongo ulio wazi hupoteza maji kwa jua bila mboga kunywa. Ukiwa umefunikwa, lita 15 zinaweza kushuka hadi 10 hivi. Mchwa wakivamia matandazo makavu, waache wale hayo badala ya shina, ila usiyarundike yakagusa mmea. Kivuli chepesi husaidia pia: kuti moja au mawili juu ya nguzo za kimo cha mtu, upande wa jua la mchana. Kivuli kizito cha mwembe hakifai, na mizizi ya mwembe itakuja kunywa maji yako.

Kisha maji mengine. Nyumba ya bati yenye paa la mita 6 kwa 5 ina mita mraba 30. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua moja tu nzuri ya masika au ya vuli, huleta lita 600 juu ya paa hilo. Toa sehemu moja ya tano kwa yanayorukia pembeni, zinabaki lita 480. Hizo ni mitungi 24, au siku 32 za tuta letu. Gata ya bati na pipa moja hazitakusanya zote, lakini hata pipa la lita 200 ni karibu wiki mbili. Maji ya dakika za kwanza yaache yapite, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya paa la makuti huwa ya kahawia. Kwa kunywa hayafai, kwa bustani hayana neno.

Pipa na kila chombo cha maji kifunikwe muda wote. Mbu wa malaria na wa homa ya dengi wote wanatafuta maji, na yule wa dengi anapenda hasa maji ya mapipa na makopo karibu na nyumba. Kifuniko hicho hicho humlinda mtoto mdogo asitumbukie.

Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda yamwage bustanini moja kwa moja. Maji ya sabuni ya nguo usiyamwage kwenye mboga za majani. Sabuni nyingi za unga huacha chumvi kwenye udongo, na maji yenye dawa ya kung'arisha nguo ni sumu kwa mizizi. Yapeleke kwenye mgomba au mpapai, ukibadilisha mahali kila mara.

Kwa wenye visima vya maji ya chumvi, na hao ni wengi, kuna mambo matatu. Chagua mmea unaovumilia: spinachi huvumilia vizuri, lakini maharagwe, vitunguu na karoti huumia mapema. Usinyunyizie majani, mwagilia udongo tu, kwa sababu tone likikauka juu ya jani huacha chumvi na jani huungua pembeni. Na ukiona utando mweupe juu ya udongo, usiendelee kumwaga kidogo kidogo. Mara moja mwaga maji mengi, ya mvua kama yapo, mpaka yatokee chini ya tuta, yaiteremshe chumvi chini ya mizizi.

Namna ya kumwagilia

Mwagilia alfajiri. Jioni ni nafasi ya pili, lakini majani yanayolala yameloa hupata magonjwa ya ukungu. Usiinue ndoo ukamwaga kwa pigo moja. Udongo utahama na mbegu zitafukuka. Chukua kopo la bati, litoboe matundu 20 chini kwa msumari mwembamba, ulitie maji na ulipitishe polepole. Pita mara mbili: ya kwanza hulainisha udongo wa juu, ya pili huingia chini.

Baada ya nusu saa, fukua kwa kidole mahali ambapo hakuna mmea. Kidole chote kikiwa na unyevu, umefika. Ikiwa juu kumeloa na chini kukavu, umewadanganya mimea: mizizi itabaki juu, na siku utakayosafiri itanyauka yote. Miche michanga inahitaji maji kidogo kila siku kwa wiki mbili. Ikishika, ni bora lita 20 au zaidi siku moja na kupumzika siku ya pili kuliko lita chache kila siku. Hesabu ya mwezi haibadiliki.

Na majani yakilegea saa saba mchana usikimbilie kopo. Mimea mingi hufanya hivyo kujikinga na jua. Itazame alfajiri, ikiwa bado imelegea, hiyo ni kiu kweli, au mizizi ina tatizo.

Njia tunayoipenda kuliko zote ni ya chungu, na inashangaza kwamba haitumiki sana katika kaunti yenye wafinyanzi. Tafuta chungu cha udongo cha lita 5 hivi kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Kijaribu: kijaze maji jioni, na asubuhi kiwe kimeloa nje. Kisipoloa, hakifai kazi hii. Kizike katikati ya tuta mpaka shingoni, kijaze, ukifunike kwa bamba au jiwe bapa. Maji hupenya ukuta wa chungu polepole kadiri udongo unavyokauka, na mizizi huja kukizunguka. Panda mboga ndani ya kiganja kimoja na nusu kutoka kwenye chungu. Tuta letu linataka vyungu vitatu au vinne. Utavijaza kila baada ya siku mbili au tatu, na juu ya udongo kutakuwa kukavu, kwa hiyo hata magugu hupungua. Baada ya miezi mingi vinyweleo huziba, hasa kwa maji ya chumvi. Kitoe, kisugue na kukianika.

Cha kupanda

Kwa mara ya kwanza tunashauri sukuma wiki mistari mitatu kwa kupishana, sentimita 45 kutoka mche hadi mche. Hiyo ni miche 18, na baada ya wiki 6 hivi tangu kuhamishwa kutoka kitaluni utaanza kuchuma majani mawili matatu ya chini kwa kila mmea kila wiki. Ni sufuria moja au mbili kwa wiki, hatuahidi zaidi. Kando kando mwaga mchicha na kunde za majani, ambazo utaanza kuzikata mwezi wa kwanza wakati sukuma bado ni changa. Mtsunga ukijiotea pembeni usiung'oe wote kwa kudhani ni gugu. Nyanya zetu waliula kwa sima na bado ni mboga.

Nyanya za tunda zingoje msimu wa pili. Katika udongo wa mchanga hushambuliwa na minyoo midogo ya mizizi, na ukiing'oa utakuta mizizi imejaa vinundu. Ukiona hivyo, usirudishe nyanya, biringanya wala bamia hapo.

Kuku ni adui mkubwa kuliko wadudu. Ua wa fito au wavu wa zamani wa uvuvi uwekwe siku ile ile ya kupanda, si baada ya hasara. Vidukari wakijaa chini ya majani, wabanduliwe kwa maji na mkono kwanza. Wakirudi, twanga majani ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, uchuje na unyunyizie jioni, kisha uoshe mboga vizuri kabla ya kupika. Konokono wakubwa waokotwe usiku kwa tochi, kwa mkono uliovikwa mfuko.

Zoezi kabla ya toleo lijalo

Kwa siku saba hesabu mitungi ya maji inayoingia nyumbani kwako na uandike kila moja inakwenda wapi. Hesabu pia lita za maji ya kuoshea mchele na mboga yanayomwagwa uwanjani. Pima paa lako kwa hatua, urefu mara upana. Ukiwa na tarakimu hizo tatu, nenda nazo kwa afisa wa kilimo wa wadi yako pamoja na kopo la udongo wa mahali unapotaka kujenga. Ataweza kukuambia kama uanze na tuta la kuinua, la kuzama, au gunia moja tu kando ya mlango wa jikoni.